Jumapili Waliyochemsha The Beatles

Tarehe 2 Desemba 1962 iliangukia Jumapili. Mjini Peterborough, mashariki mwa Uingereza, ukumbi wa Embassy ulikuwa na shoo mbili jioni hiyo, na mwenye shoo alikuwa mtu mmoja tu: Frank Ifield. Wengine wote walikuwa wasindikizaji. Chini kabisa kwenye orodha hiyo walikuwamo vijana wanne wa Liverpool wenye singo moja sokoni. Walipanda, wakapiga nyimbo zao chache, wakainama kuaga, wakashuka. Ukumbi ukawapigia makofi ya adabu, yale ambayo mgeni hupigiwa ili asione haya. Gazeti la mji, Peterborough Standard, likaja kuandika kwamba The Beatles, waliotangazwa kuwa kundi la kusisimua, hawakumsisimua mwandishi wake.

Kisa hiki kwa kawaida husimuliwa kama kichekesho. Tunaambiwa tumcheke mwandishi yule aliyekuwa mbele ya bendi itakayokuja kuwa kubwa kuliko zote na asiione. Mimi nimekirudia mara nyingi, na kila nikikirudia namwonea huruma kidogo zaidi. Naamini masikio yake yalikuwa mazima. Alichokisikia ndicho kilichopigwa.

Tuanze na mji wenyewe, maana wasimulizi huuita mji wa "mkoani", na neno hilo hupotosha. Peterborough haikuwa kijiji kilicholala. Ulikuwa mji wa viwanda: matofali ya Fletton, uhandisi, na injini za dizeli. Kama umekulia jirani na mashine ya kusaga au trekta la Massey Ferguson, huenda ushaliona neno Perkins kwenye injini yake. Perkins hao ni wa Peterborough, walianza mwaka 1932. Watu waliokata tiketi Jumapili ile, basi, walikuwa watu wa mshahara, wameoga, wamevaa, wametoka na wake zao kwenda kumwona mwimbaji waliyemsikia redioni mwaka mzima. Hawakuja kugundua vipaji.

Na Ifield alikuwa habari ya mjini kweli. Alizaliwa Coventry, akakulia Australia, akarudi Uingereza na mtindo wa kuimba unaovunja sauti katikati ya neno na kuirusha juu ghafla, kama wachungaji wa milima ya Alps wanavyoitana. Mwaka huo wimbo wake "I Remember You" ulikaa namba moja wiki 7. Jioni ya shoo ya Peterborough wimbo wake mwingine, "Lovesick Blues", ulikuwa namba moja pia. The Beatles walikuwa na "Love Me Do", iliyotoka Oktoba 5 na ambayo ingefika kilele chake, namba 17, mwishoni mwa Desemba hiyo. Kwa vijana wa Liverpool kuingia chati tu kulikuwa sababu ya kulewa wiki nzima. Kwa mkazi wa Peterborough ilikuwa wimbo mmoja kati ya nyingi zilizopita redioni.

Walifikaje pale? Kwa simu. Meneja wao, Brian Epstein, alikuwa mwenye duka la rekodi Liverpool, na alikuwa ameshachoka kuzunguka na bendi yake kwenye kumbi za dansi za kaskazini. Hesabu yake ilikuwa rahisi. Ukumbi wa dansi hukulipa usiku mmoja na kukusahau. Ziara ya majumba ya maonyesho hukupitisha mji kwa mji nchi nzima, kila usiku mbele ya watu ambao hawajawahi kukuona, na kesho yake wanaingia dukani. Mtu wa kumwona kwa jambo hilo alikuwa Arthur Howes, promota aliyepanga ziara kubwa za wanamuziki wa pop, na makazi yake yalikuwa Peterborough hapohapo. Epstein akampigia nyumbani. Howes akasema sawa, waje kwenye shoo ya Ifield, lakini hakuna malipo. Angewarudishia gharama za safari tu. Kwa lugha ya leo tungesema walikwenda kufanya majaribio mbele ya watu waliolipa kiingilio.

Hapo ndipo pana jambo ambalo wasimulizi wengi hulipita haraka, nami nataka nilikalie.

The Beatles wa Desemba 1962 hawakuwa wanagenzi. Walikuwa wamepiga muziki kwa saa nyingi kuliko karibu bendi yoyote ya umri wao. Hamburg, Ujerumani, mwaka 1960, mkataba wao kwenye klabu ya Indra ulikuwa saa 4 na nusu kila usiku siku za kazi na saa 6 wikiendi. Pale Liverpool kwenye Cavern, ghala la chini ya ardhi lenye matao ya matofali, walipiga mchana wakati wa mapumziko ya kazi, wakapiga na usiku, na kufikia mwisho wa habari yao na Cavern walikuwa wamepanda jukwaa lile mara zinazokaribia 300. Kwa hiyo uzoefu walikuwa nao. Swali ni uzoefu wa nini.

Hamburg mwenye klabu, Bruno Koschmider, alikuwa akiwapigia kelele "Mach Schau!", yaani fanyeni shoo. Kazi ya bendi ilikuwa kumvuta mpita njia. Baharia anapita nje, anasikia kishindo, anaingia, ananunua bia. Mara anataka kutoka, unaongeza kishindo abaki. Katika biashara ya namna hiyo sauti kubwa ni adabu, na drams ndizo bango la mlangoni. Ringo Starr, mpiga drams aliyejiunga nao Agosti 1962 baada ya Pete Best kuondolewa, alikuwa ametoka shule hiyohiyo. Alikuwako Hamburg na bendi ya Rory Storm wakati wenzake wako na Best. Mpiga drams wa namna ile hasubiri kuongozwa. Yeye ndiye anayewatoa wenzake usingizini saa nane za usiku. Juu ya hayo, ni mtu wa mkono wa kushoto anayepiga drams zilizopangwa kwa mtu wa mkono wa kulia, ndiyo maana mizunguko yake huingia mahali ambapo sikio halikuitarajia.

Sasa mchukue mtu huyo umweke Embassy.

Jumba lile lilifunguliwa 1937 kwa ajili ya michezo ya jukwaani, likaja kugeuzwa sinema lakini jukwaa likabaki. Kuna pazia. Kuna viti vya kitambaa vilivyofungwa sakafuni vikitazama upande mmoja. Hakuna nafasi ya kucheza. Ukisimama unamziba wa nyuma yako. Hakuna bia mkononi. Mshereheshaji anatoka, anatania kidogo, anatangaza jina, pazia linafunguka, una dakika zako chache, pazia linafungwa. Hakuna "subiri kidogo tuzoeane". Kwenye Cavern wimbo ukipwaya una saa nzima ya kuufukia. Embassy wimbo mmoja ukipwaya umeshakula robo ya maisha yako.

Tena kuna suala la mitambo, na hapa nasema kwa kuangalia zana zilivyokuwa wakati ule. Vipaza sauti vya majumba ya namna hiyo vilitengenezwa kwa ajili ya mwimbaji mmoja na mshereheshaji. Sauti za kuimba zilipita humo. Magitaa yalijitegemea: The Beatles walitumia amplifaya za Vox AC30, na hizo wati 30 husikika mbali kuliko tarakimu inavyodai. Drams hazikuwekewa maikrofoni. Kwa hiyo hakukuwa na fundi wa kusawazisha chochote kutoka katikati ya ukumbi. Kila mpigaji alijipima mwenyewe kwa kile alichokisikia pale aliposimama, na wote wanne walikuwa wamejifunza kujipima chini ya matao ya matofali yaliyojaa miili inayotoka jasho. Ifield na wasindikizaji wazoefu walijua kupiga kwa kuacha nafasi, sauti ya mtu ikae juu na ala zikae chini yake. Vijana wakaja na chungu kizima wakakimwaga kwenye sahani.

Sasa soma tena alichoandika yule mwandishi. Malalamiko yake hayakuwa matusi ya jumla. Alisema mpiga drams alionekana kudhani kazi yake ni kuongoza badala ya kushikilia mwendo, na kwamba alipiga kelele mno. Alisema wimbo wa mwisho, "Twist and Shout", ulikuwa kana kwamba kila mmoja anashindana kumzidi mwenzake kelele. Kisha akasema walipotulia, kwenye "A Taste of Honey", walikuwa bora zaidi, na "Love Me Do" ilivumilika. Mtu asiyesikiliza hawezi kuandika hivyo. Ametenganisha nyimbo, ametaja ala, ametoa sababu. Kuhusu Ringo, hata George Martin, prodyuza wao kwenye kampuni ya rekodi ya EMI, alikuwa na wasiwasi wake: kwenye kikao cha Septemba 11 mwaka huohuo aliletwa mpiga drams wa kukodiwa, Andy White, na Ringo akapewa tari atikise. Prodyuza akitilia shaka tunasema ana sikio kali. Mwandishi wa gazeti la mkoani akitilia shaka tunasema ni kiziwi.

Usiku wa Peterborough haukuachiwa kanda inayojulikana. Lakini upo ushahidi wa jirani. Mwishoni mwa Desemba hiyohiyo The Beatles walirudi Hamburg kumalizia mkataba wao wa mwisho kwenye Star-Club, na hapo mtu akawarekodi kwa mashine ya kanda ya nyumbani, Grundig, maikrofoni moja mbele ya jukwaa. Kanda hizo zilitolewa kama albamu mwaka 1977. Humo zimo "Twist and Shout" na "A Taste of Honey", zilezile mbili. Zisikilize ukiwa umeketi, bila kinywaji, ukijifanya umelipa kumwona mtu mwingine. Mwendo ni wa mbio, matoazi yanafunika kila kitu kama mvua ya mabati, sauti zinapambana kutoka chini. Mimi nazipenda sana. Ila naelewa vizuri tu mtu aliyekuja kumsikiliza Ifield angeshika kichwa.

Kuna kipande kimoja cha jioni ile ninachokipenda kuliko vyote, na alikisimulia Paul McCartney, mmoja wa wale wanne, miaka mingi baadaye. Miongoni mwa wasindikizaji walikuwapo Ted Taylor Four. Ted Taylor alikuwa mtu wa majukwaa, na alikuwa na kinanda kidogo cha umeme alichokifunga kwenye piano yake, akitoa nacho sauti za ajabu ajabu za wimbo "Telstar", na watu wakapenda. The Beatles walikuwa hawajawahi kuona kitu kile. Baada ya kuwatazama, Taylor akawaambia kiungwana kwamba muziki wao si mbaya, lakini nyuso zao mbele ya taa zinaonekana kama za wagonjwa. Nendeni duka la dawa, mkanunue rangi ya uso ya Leichner namba 27, mpake. Kisha mjichore wanja kuzunguka macho. Vijana wa Liverpool, wa bandarini, wanaume waliozoea makoti ya ngozi nyeusi ya Hamburg, wakaulizana kama jambo hilo halina walakini. Taylor akawahakikishia kwamba aliyeketi kitini hataona wanja wowote, ataona macho tu.

Wakapaka.

Unaweza kulicheka hilo pia, ila mimi naliona ndilo kiini cha kisa. Katika jengo lile kulikuwa na elimu nzima ambayo saa zote zile za Hamburg hazikuwapa: kwamba taa za mbele hula sura, kwamba mtu wa safu ya mwisho anahitaji kuonyeshwa, kwamba kupanda na kushuka jukwaani ni sehemu ya wimbo. Epstein alikuwa ameshaanza kuwafundisha. Aliwavua makoti ya ngozi akawavisha suti, akawakataza kula na kuvuta sigara jukwaani, akawafundisha kuinama pamoja mwisho wa shoo. Lakini Epstein alikuwa mtu wa duka aliyewahi kusomea uigizaji kidogo. Ted Taylor alikuwa mtu anayeishi humo. Somo la wanja halikupatikana kwa kushinda. Lilipatikana kwa kupwaya mbele ya watu wanaojua kazi.

Tumfikie Arthur Howes, maana kama kuna mtu wa kumpongeza usiku ule ni yeye, na mara nyingi hutajwa kwa mstari mmoja. Howes alikuwapo. Aliona makofi ya adabu kama kila mtu. Ilikuwa mji wake, majirani zake, na fedha yake. Angeweza kabisa kumwambia Epstein ahsante kwa kuja. Badala yake akawaweka kwenye ziara ya Helen Shapiro, binti wa miaka 16 aliyekuwa nyota wakati huo, itakayoanza Bradford tarehe 2 Februari 1963. Kisha akawaweka na kwenye ziara ya Machi ya Wamarekani wawili, Tommy Roe na Chris Montez. Aliendelea kuzipanga ziara zao za Uingereza mpaka ile ya mwisho, Desemba 1965.

Tofauti ya Howes na mwandishi wa gazeti haikuwa ya sikio. Zilikuwa kazi mbili. Mwandishi aliulizwa: shoo hii ilikuwaje? Akajibu kwa haki. Promota anajiuliza: hawa nikiwaweka kwenye basi, wakapiga mara mbili kila usiku kwa wiki 4, watakuwa nini? Kelele hupungua kwa kuambiwa. Ubaridi hauna dawa. Na bei yao ilikuwa ndogo, tusijifanye watakatifu. Bendi ya bei rahisi yenye singo kwenye chati ni biashara hata ikichemsha Jumapili moja.

Halafu kuna jambo ambalo hakuna mtu ukumbini aliyelijua isipokuwa wao wenyewe na kambi yao. Siku 6 tu kabla, Jumatatu Novemba 26, walikuwa studio London wakirekodi "Please Please Me". Walipomaliza, George Martin aliwaambia kupitia maikrofoni ya chumba cha mitambo kwamba wamepata namba moja yao ya kwanza. Hebu fikiria kupanda jukwaa la Embassy na siri hiyo mfukoni, ukatazama safu za watu waliokunja mikono.

Wimbo huo ulitoka Januari 11, 1963. Wiki iliyofuata, tarehe 19, wakaonekana nao kwenye kipindi cha televisheni cha Thank Your Lucky Stars. Hapa bahati ya hali ya hewa iliingia. Uingereza ilikuwa katika baridi ambayo haikuwahi kuonekana tangu 1740. Theluji ilianguka baada ya Krismasi ikagoma kuyeyuka mpaka Machi. Jumamosi jioni watu hawakuwa na pa kwenda. Walikaa mbele ya televisheni. Vijana wanne wenye nywele zilizoshuka kwenye paji la uso waliingia sebuleni mwa nchi iliyofungiwa ndani.

Ikafuata ziara ya Shapiro, basi likitambaa juu ya barafu. Katikati ya ziara, Februari 11, wakapewa siku moja studio, wakarekodi nyimbo 10 kati ya 14 za albamu yao ya kwanza kwa saa zisizozidi sana 10. "A Taste of Honey" imo. Ya mwisho kurekodiwa ilikuwa "Twist and Shout", John Lennon akiwa na mafua, koo limekwisha, ameiachia mwisho kwa sababu alijua baada yake hataweza kuimba kitu. Ni ileile iliyomkera mtu wa Peterborough, karibu kwa sababu zilezile: kila mmoja anasukuma. Tofauti ni kwamba safari hii George Martin alikuwa mahali pa kusawazisha, na sauti ya Lennon ikabaki juu ya kishindo badala ya kuzama chini yake. Kelele ilikuwa haijaondoka. Ilikuwa imepata fundi.

Basi tarehe 17 Machi 1963, Jumapili tena, wiki 15 kamili, The Beatles wakarudi Embassy, jukwaa lilelile. Walikuja na ziara ya Roe na Montez. Kwenye mabango Wamarekani ndio waliokuwa juu, lakini ziara ilipoanza tu tarehe 9 ilionekana wazi kwamba watazamaji wanawasubiri wengine, na The Beatles wakasogezwa kufunga shoo. Katikati ya juma Lennon alikuwa amekosa shoo kadhaa kwa mafua, wenzake wakapiga watatu, na bado watu wakaridhika. Peterborough alikuwapo.

Sidhani kama katika wiki 15 walikuwa wamejifunza kupiga taratibu. Walikuwa wameiva kijukwaa, hilo halina ubishi. Wanja, taa, kuingia na kutoka, yote hayo basi la Shapiro lilikuwa limewafunza. Lakini kilichogeuka zaidi ni waliokaa kwenye viti. Desemba walikuja wakubwa wa mji kumwona Ifield, na katikati yake wakapigiwa muziki usiowahusu. Machi waliokuja walikuwa vijana wadogo walioshayajua maneno, walioona sura kwenye televisheni, na waliofika na kelele zao wenyewe. Drams zinazoongoza ni kero kwa mtu anayetaka kusikia maneno. Kwa binti wa miaka 14 anayetaka kupiga yowe ni ruhusa. Kabla mwaka haujaisha mayowe yalikuwa yameshaizidi AC30, na lile swali la kama Ringo anapiga kwa nguvu mno halikuwa na wa kulijibu, kwa sababu hakuna aliyekuwa akimsikia.

Ifield hakuwa mtu wa kupuuzwa hata hapo. "Please Please Me" ilipanda mpaka juu kwenye chati za magazeti ya NME na Melody Maker, lakini kwenye ile ya Record Retailer, ambayo ndiyo iliyokuja kuhesabiwa kuwa rasmi, ilikwama namba mbili. Aliyeikalia pale juu alikuwa Frank Ifield na "The Wayward Wind". Unabii wa George Martin, kwa mujibu wa daftari rasmi, ulizuiwa na mtu yuleyule wa Embassy. Wote wawili walikuwa chini ya kampuni moja, EMI, kwa hiyo fedha zilikwenda nyumba moja.

Na walikutanishwa mara moja zaidi. Kampuni ya Vee-Jay ya Chicago, iliyokuwa imechukua haki za kumtoa Ifield Marekani, ilijikuta pia na rekodi za mwanzo za The Beatles ambazo kampuni kubwa haikuzitaka. Februari 1964, The Beatles walipotua New York na watu milioni 73 wakawatazama kwenye kipindi cha Ed Sullivan, Vee-Jay wakakimbilia kabatini, wakatoa santuri waliyoiita Jolly What! The Beatles and Frank Ifield on Stage. Nyimbo 4 ni za The Beatles, 8 ni za Ifield, kama ilivyokuwa Peterborough: yeye ndiye mwenye shoo, wao wanamsindikiza. Na hilo neno "jukwaani" kwenye jalada? Zote 12 ni za studio.